Sanduku la Maman Consolata

Wadogo zangu wa mapokezi,

Mwezi jana nilirudisha funguo zangu, nanyi mkanifanyia karamu ndogo kule kwenye terasi, mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijaanza kuyasahau. Nimeahirisha mara tatu. Mara ya kwanza nilisingizia miwani, mara ya pili mvua, na mara ya tatu mke wangu akaniwekea daftari na kalamu ya bic mezani, akaondoka. Kwa hiyo naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na havikunibadili. Nitaandika juu ya nyumba yenyewe, juu ya mtu aliyenifundisha kazi, na juu ya sanduku moja nililokataa kulitoa siku lilipohitajiwa. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma hadi leo.

Wageni huwa wanawauliza kwa nini hoteli yetu ina saa kubwa ukutani na kengele mlangoni, na nyinyi mnawajibu kwamba ni mapambo. Si mapambo. Nyumba hii ilikuwa gare, stesheni ya reli. Wakoloni waliijenga kwanza, wakisema reli itafuata. Reli ikatoka Uvira, ikapita bondeni, ikafika Kamanyola, na pale chini ya milima ikakomea. Kwa hiyo hapa Bukavu tulikuwa na saa ya gare, kengele ya gare, mabenchi ya gare na chef de gare, mkuu wa stesheni, mwenye kofia, tukakosa treni tu. Anayekwenda Uvira alipanda lori la Shirika la reli mbele ya kibaraza. Anayekwenda Goma alishuka ngazi hadi kwenye meli. Wote walipewa tiketi iliyoandikwa juu yake kwamba ni ya reli, na sikumbuki hata mmoja aliyelalamika.

Ili msipotee, pale mnapoandikia wageni palikuwa dirisha la tiketi, na ndiyo maana ni dogo na kila mtu lazima ainame. Baa ilikuwa chumba cha kusubiria cha daraja la kwanza. Terasi ilikuwa kibaraza cha abiria. Na chumba namba saba, kile mnachompa mgeni wa mwisho kwa kuwa hakioni ziwa, kilikuwa consigne, chumba cha kuwekea mizigo ya watu. Mtu aliacha mzigo wake, akapewa nusu ya kikaratasi chenye namba, nusu nyingine ikafungwa kwenye mzigo. Humo ndimo nilimoanza kazi.

Siku yangu ya kwanza niliwahi mno, nikakuta mlango umefungwa, nikasimama na viatu vya kuazima vilivyonibana vidole. Chef de gare alikuwa Papa Anaclet, mtu mfupi, mwenye masharubu, aliyevaa kofia ya kazi hata akienda misa. Nilitoka shule ya wamisionari, na nilichokuwa nacho ni mwandiko mzuri. Akauangalia. “Mwandiko yako iko muzuri sana,” akasema. “Sasa ujifunze kuandika mubaya kidogo, lakini mbio.” Kisha akanipa kamba na magunia matupu, nikafunga na kufungua mafundo mpaka saa sita. Fundo lililofunguka akilivuta kidogo alilikata kwa kisu. Leo mizigo ina zipu, lakini mimi bado nafunga hata mfuko wa sukari kwa fundo la Papa Anaclet, na mke wangu hunitukana kila asubuhi.

Kitabu cha consigne kilikuwa na namna yake ya kuandikwa. Shirika lilitaka majina kamili. Sisi tuliandika jina la ubatizo na mtaa: “Charles, Nyalukemba”, “Espérance, Bagira”. Ndivyo watu walivyojulikana mjini, na ndivyo mtu alivyojitaja mwenyewe akiulizwa. Akija kuchukua mzigo wake alitoa nusu ya kikaratasi na karti yake ya ubatizo, tukalinganisha jina, basi. Hii desturi ilikuwa yetu wenyewe, na kwa miaka mingi haikutuletea shida.

Shida niliyoileta mimi ilikuwa ya baiskeli. Mwezi wangu wa pili, mtu aliniletea namba sahihi, akasema amesahau karti. Nilimtazama, nikamkumbuka vizuri, uso uleule, hata pengo la jino lilelile, nikampa baiskeli. Kesho yake akaja mtu mwingine mwenye uso huohuo na pengo hilohilo, akiwa amekasirika. Walikuwa ndugu wawili wasiosemezana. Papa Anaclet hakunifokea. Alivaa kofia, akanichukua kwa miguu nyumba hadi nyumba siku mbili nzima, mpaka tukaipata ile baiskeli ikiwa imefichwa chini ya majani ya ndizi. Tuliporudi akaniambia: “Ukuwe unaangalia jina. Usiangalie sura. Sura inaweza kukudanganya.” Niliyashika maneno hayo kuliko alivyokusudia.

Sasa nifike kwa Maman Consolata. Alikuwa mjane wa mtaa wa Kasha, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alifika asubuhi moja na binti yake Béatrice, ambaye tumbo lake lilikuwa tayari linaonekana, na wote wawili wameshika sanduku la chuma, mmoja huku, mmoja kule. Béatrice alikuwa ameolewa na mwalimu aliyepelekwa kufundisha Shabunda.

“Mutoto wangu anaenda kuzaa kule Shabunda,” Maman Consolata akaniambia, “na bwana yake hajue hata kuchemusha mayi. Ninaenda naye. Lakini hii sanduku siwezi kwenda nayo. Ile barabara, lori inalala mu matope juma nzima. Kila kitu kinaoza.”

Nikamwuliza kwa nini asiliache nyumbani.

“Nyumbani bashemeji batafungua. Tangu bwana yangu alikufaka, bamekamata kitanda, bamekamata meza. Hii nayo itabaki?”

Akalifungua mbele yangu, kwa kuwa sheria ilikuwa mwenye mzigo aonyeshe vilivyomo. Mlikuwa na shuka jeupe, zito, lililotariziwa maua madogo pembeni kwa mkono wake mwenyewe, gauni lake la harusi, na rozari. “Iko ya kuzikiwa,” akasema, kama mtu anayekuonyesha chumvi na mafuta. Akina mama wa umri wake wengi walijitayarishia hivyo. Hawakutaka siku yao ifike, watoto waanze kukimbia huku na kule kuomba nguo kwa majirani.

Nilipouliza niandike jina la nani, akajibu: “Andika ya Béatrice. Miye njo nitakufa, nitakuya kuikamata namna gani?”

Béatrice akacheka, akafunika mdomo. Papa Anaclet naye akacheka. Nikaandika “Béatrice, Kasha”, nikampa nusu ya kikaratasi. Kabla ya kupanda lori mama akarudi dirishani akaniomba kitu kimoja zaidi: kila kiangazi nilitoe shuka lile nje kidogo, lipate jua, wadudu wasilile. Akaniuliza jina langu, nikamwambia. Sheria ya consigne ilikuwa miezi mitatu, lakini Papa Anaclet alisema mzigo ule hauli wala haunywi, uachwe. Nikalitoa shuka lile kiangazi cha kwanza, nikalianika kwenye uzio nyuma ya gare. Nikalitoa kiangazi cha pili. Nilikuwa nalikunja katika mikunjo yake ileile, na nakiri kwamba nilianza kuliona kuwa langu kidogo.

Kisha yakaja mambo ya majina. Nchi ilikuwa imekwisha kuitwa Zaïre, na redio ikatangaza kwamba sisi nasi tuache majina ya kizungu, kila mtu arudie majina ya mababu. Nyinyi leo mnaitwa Patrick na Chantal, mnaona ni jambo la kuchekesha. Wakati ule hatukucheka. Watu walipanga foleni kwenye ofisi za zone, yaani za wilaya, wapate karti mpya. Karti za ubatizo zilifichwa chini ya godoro au zikachomwa. Mimi niliyekuwa Dieudonné nikawa Bahizire, jina la babu yangu, jina zuri tu, ila kwa miezi kadhaa mtu akiliita niligeuka nyuma kuona anamwita nani. Siku moja walikuja watu wawili wa chama, wakataka kuona vitabu vyetu. Wakakaa nusu siku wakinitazama nikikata kwa mstari majina ya ubatizo, ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye mstari wa Béatrice nilikata taratibu, herufi zibaki zinasomeka.

Mwaka uliofuata Shirika likafunga gare. Lori halikuwa na vipuri, meli ilikuwa na ofisi yake kule bandarini, na nyumba yetu akapewa mtu mmoja mkubwa, ambaye sisi tulimwita Citoyen, yaani Mwananchi, na kuishia hapo. Citoyen alitaka hoteli. Alipita chumba kwa chumba na fimbo yake akigonga kuta: huu uvunjwe, huu ubaki. Papa Anaclet alistaafishwa wiki hiyohiyo. Alikunja kofia yake akaiweka kwapani, akasimama mlangoni mwa consigne, akaniambia: “Mizigo ya batu irudie benyewe kwanza. Kisha bajenge hoteli yabo.” Akaenda zake Nyalukemba, na baada ya mvua za mwaka ule akafariki. Sikwenda kumwona kabla ya hapo, nikijiambia kwamba mafundi wananihitaji.

Mafundi walivunja ukuta wa ofisi ya mizani, wakaweka mabafu. Vumbi lilituingia hadi kwenye chakula. Kati yetu wafanyakazi kumi na mmoja, Citoyen alisema atabakiza wanne, na hakusema nani. Nilikuwa na watoto watatu. Alinikuta consigne akaniambia nitoe mizigo kwa wenyewe, lakini kwa karatasi safi, jina la karti liwe jina la kitabuni, asije mtu wa chama akamsumbua. Kila usiku nilijihesabu kati ya wale wanne, na asubuhi nikijitoa. Ni lazima mjue kwamba niliogopa. Sisemi hivyo ili mnisamehe.

Béatrice alifika siku ya Ijumaa, karibu saa saba mchana. Mafundi walikuwa wamekwenda kula. Nilimwona tangu anaingia kwenye kibaraza, amekonda, amejifunga kitambaa kichwani, na viatu vyake vina matope makavu ya safari. Nilifurahi. Nikasema: “Béatrice, karibu. Na maman, eko je?”

“Alikufa leo asubuhi,” akasema. “Tulimuleta hapa hospitali siku ine zinapita. Alikuwa na ugonjwa ya ini. Tutamuzika kesho saa ine. Niko nakuya kukamata sanduku yake.”

Nikampa pole. Nilimpa pole kwa kweli, na moyo wangu ulikuwa mzito. Kisha mkono wangu, kwa mazoea, ukanyooshwa kupokea karatasi. Akanipa nusu ya kikaratasi, namba sawasawa, imekunjwa hadi imechakaa. Akanipa karti yake mpya. Iliandikwa Nabintu Bulonza. Kitabuni kulikuwa na “Béatrice, Kasha”, tena lililokatwa mstari.

“Karti ya ubatizo iko wapi?” nikauliza.

“Bwana yangu aliichoma. Eko mwalimu wa serikali, alikuwa anaogopa.”

“Basi uende ku zone bakuandikie attestation ya kama Béatrice na Nabintu ni mutu mumoja. Ukuye nayo, nitakupa.”

Hakupiga kelele, wala hakulia. “Papa, mama eko chini hospitali,” akasema. “Bananingojea na ile shuka.”

“Ninajua, lakini karatasi haziko sawa,” nikasema. “Zone haiko mbali. Kama unaenda sasa, utarudi mbele ya jioni.”

Akaenda. Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka kama kulikuwa na mtu mlangoni, labda Citoyen na fimbo yake, labda mtu wa chama, yeyote yule ambaye angenisikia. Hakukuwa na mtu. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na sanduku lilikuwa hatua nne nyuma yangu, kwenye rafu ya chini, nami nilijua hata harufu ya kilichomo ndani.

Kule zone hakukuta mtu wa kumwandikia. Makarani wote walikuwa uwanjani wakijifunza animation, zile nyimbo na ngoma za kumsifu Kiongozi, kwa kuwa mgeni mkubwa alitazamiwa kutoka Kinshasa. Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya kufagia mji, ofisi zote zilifungwa. Maman Consolata alizikwa Jumamosi saa nne, bila shuka lake.

Béatrice alirudi Ijumaa ya pili, na attestation mkononi, mihuri miwili, sahihi, tarehe. Karatasi safi kabisa. Nikalitoa sanduku, akahakikisha vilivyomo, akasaini jina lake jipya kitabuni. Nilikuwa wa kwanza kati ya wale wanne waliobakizwa.

Hoteli ikafunguliwa. Consigne ikapakwa rangi ya kijani, ikawekwa kitanda, ikawa namba saba. Mkitazama ukuta wa kulia, chini ya rangi, mtaona mistari minne iliyolala: ni alama za rafu. Nilihamia dirishani na hapo nimekaa mpaka mwezi jana. Citoyen alitaka kulipanua lile dirisha, kisha akagundua kwamba hata wakubwa wa mkoa wanainama mbele ya nyumba yake, akaliacha. Miaka mingine tulijaa, miaka mingine nilikuwa naandika majina ya wafanyabiashara wa dhahabu wa Shabunda peke yao, watu wanaolala na viatu. Mgeni mmoja mzungu aliniuliza treni inafika saa ngapi. Nikamwambia bado tunaingojea. Akakaa terasini mpaka magharibi, na nadhani alikuwa anaingojea kweli.

Haya ya kazi yawekeni akilini. Funguo zisitundikwe kwa mfuatano wa namba, maana mwizi naye anajua kuhesabu. Bomba la namba tatu linafunguliwa polepole. Mgonjwa wa kifua asipewe namba saba, ukuta wake una unyevu tangu enzi za mizigo. Na mtu akifika amefiwa, mpeni ufunguo kwanza. Fomu mtaijaza baadaye, nyinyi wenyewe, kwa mnavyojua, na karti mtaiomba akishakula na kulala. Mwenye hoteli wa sasa amenionya mara mbili juu ya jambo hili. Nilikubali mara mbili na nikaendelea kufanya vilevile.

Nilidhani nitamalizia hapo. Nimesoma kurasa hizi tena tangu mwanzo, nikaona nimeruka jambo, na si kwa kusahau. Niliandika kwamba Béatrice alirudi, akahakikisha vitu, akasaini. Kuna nilichokiacha. Sijamwambia mtu hata mmoja, hata mke wangu, ambaye atakisoma hapa.

Kabla ya kusaini aliniuliza, bila kuinua macho: “Papa, ile siku ya kwanza, haukunitambua?”

Nikajibu: “Hapana. Batu bengi banapita hapa.”

Nilikuwa nimemwita kwa jina lake. Nilikuwa nimemwulizia mama yake kabla hajafungua kinywa. Naye alikumbuka, niliona wazi kwamba alikumbuka. Akasaini, akaweka bic chini, akasema: “Sasa nani atanisaidia kubeba?”

Nikalibeba mwenyewe. Nilifunga consigne, nikakunja koti langu kuwa kata, nikaliweka sanduku kichwani. Kutoka gare hadi Kasha si karibu, na mahali pengi ni kupanda. Tulipita katikati ya mji mchana kweupe, watu walionijua wakanitazama, mtu wa ofisi mwenye mzigo kichwani nyuma ya mwanamke. Yeye alitangulia hatua chache, hakugeuka hata mara moja. Shingo iliniuma nikaona ni haki yangu.

Kasha walikuwa bado matangani. Wanawake walikaa mikekani uani, wanaume kwenye mabenchi. Mama mdogo wa Béatrice, mdogo wa marehemu, aliinuka akanisaidia kulishusha.

“Ni mutu wa gare,” Béatrice akamwambia. “Njo alikuwa anachunga vitu ya mama.”

Yule mama akanishika mikono yote miwili. “Aksanti sana, papa. Dada yangu alikuwa anasema, ku gare iko mutu mumoja anaanikaka shuka yake kila kiangazi. Hata hospitali alikuwa anakutaja. Alituambia tusiogope, shuka yake iko mahali pazuri.”

Akanikalisha kwenye kiti, kile cha mbele, akaendelea kunieleza kama mtu anayetaka mgeni ajue kila kitu.

“Ni Mungu tu alipanga. Tulimuzika na kitenge ya animation, ile ya picha ya Kiongozi. Muuguzi mumoja alivua yake akatupatia, hatukupata ingine. Yeye mwenye aliogopaka Mungu vile, anaenda na ile picha mu kifua. Lakini tungefanya je? Béatrice alituambia ya kama ile siku gare ilikuwa imefungwa.”

Nikamtazama Béatrice. Alikuwa amepiga magoti akifungua sanduku. Akatoa shuka, akaingia nalo ndani pamoja na wanawake wawili, na kupitia mlangoni niliwaona wakilitandika juu ya kitanda cha mbao cha mama yake, wakilivuta pembe hadi likanyooka, wakaweka rozari katikati. Kisha akatoka na maji ya kunawa na sahani ya bugali na maharage, akaviweka mbele yangu kwa mikono miwili kama inavyompasa mtu wa msibani kumhudumia mgeni aliyemfaa. Kukataa chakula cha matanga ni kutukana wafiwa. Nikanawa, nikala. Nilikula chote.

Béatrice alirudi Shabunda mwezi ule ule, sijamwona tena, na sijui kama yu hai. Msamaha sikumwomba. Siku ile nilijiambia kwamba ningemwaibisha mbele ya watu wake, ambao alikuwa amewaambia gare ilikuwa imefungwa. Ukweli ni kwamba uongo wake ulinistiri nami nikajifunika nao.

Nilipomaliza kula, wakafunga mlango wa uani ili wasali, kwa kuwa walitaka kumtaja marehemu kwa jina lake la ubatizo. Mama mdogo akanigeukia. “Na weye papa, tunataka kukutaja mu sala. Jina yako ni nani?”

Nilianza kutoa karti mfukoni. Sijui kwa nini, mkono ulikwenda wenyewe. Béatrice akasema, kabla sijaifikisha mbele yao: “Ni Dieudonné. Miye ninamujua.”

Wakapiga magoti. Wakamwombea Consolata, wakamwombea Dieudonné aliyemtunzia vitu vyake, nami nikaitikia amina pamoja nao.